Noeli Niliyotoroka na Mtoto

Noeli iliyopita niliingia kanisani hapa Kasongo nikakuta kwenye pango la Noeli mtoto wa plastiki, mashavu mekundu, hana hata nzi wa kumsumbua. Nilicheka peke yangu kwenye benchi, rafiki yangu, kisha nikakosa nguvu ya kuimba.

Kwetu upande wa Kabambare, zamani za Wabelgiji, hatukuwa na sanamu. Kila Noeli katekista alimlaza pangoni mtoto aliyezaliwa mwisho kijijini, na mwaka mmoja alikuwa ndugu yangu. Baba alikuwa hajamwona. Homa ilimlaza akashindwa kulima shamba la pamba alilopimiwa na serikali kwa lazima, wakamfunga jela Kasongo. Mama alilima akiwa mjamzito, mimi, msichana mdogo, na bibi tukimfuata kwa majembe mpaka tukatokwa na malengelenge viganjani.

Katekista alitufundisha kwamba Mungu amekuwa mtu kabisa, wa njaa na jasho. Nilimpelekea bibi habari hiyo akitwanga sombe, majani ya mihogo. Hakuinua hata kichwa.

"Kama amekuwa mutu kweli," akasema, "basi naye watamupimia shamba."

Alikuwa akitania kwa uchungu, ila mimi niliyameza maneno yale mazimamazima.

Asubuhi ya Noeli mama alimpaka mtoto mawese, tukamlaza juu ya mabua makavu ya mpunga. Ngoma ililia, watu wakajaa. Halafu akaingia mpimaji wa mashamba ya pamba, yuleyule wa baba, kamba yake ya kupimia begani hata siku ya sikukuu. Akainama pangoni amtazame mtoto. Sikungoja. Nilimnyakua ndugu yangu nikapenya kati ya miguu ya watu, mbio hadi kwenye mihogo nyuma ya kanisa.

Katekista alinifuata akihema. "Murudishe mutoto, mama."

"Atamupimia shamba! Iko na kamba!"

Alichuchumaa. "Anaweza kumupimia," akasema. "Lakini huyu Mungu hakukuya kukimbia. Alikuya kukaa na sisi."

"Na baba, atamutoa mu jela?"

Akanipangusa kamasi kwa shati lake jeupe.

Nikamrudisha. Watu walicheka, hata mpimaji. Mama hakucheka.

Baba alifia jela kwa kuhara, tukaletewa blanketi lake tu. Kanisa lile la udongo limemezwa na majani, bibi na katekista walishakwenda, na pamba hakuna anayeilima tena. Lakini kabla Wabelgiji hawajaondoka, ndugu yangu alikuwa ameota ndevu, na mpimaji mwingine alikuja akamnyooshea kamba. Nilikuwa nimesimama palepale, mwanamke mzima. Njia ya kwenye mihogo niliijua, ila yeye hakubebeka tena.

Mungu alikaa na sisi, sikatai. Alikaa shambani, alikaa jela na baba. Ila mpaka leo nausikia uzito wa yule mtoto mikononi mwangu, nikimrudisha.