Mabati Mazima ya Mama Pétronille

Juni 2000 majeshi mawili ya wageni yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, kana kwamba mji hauna wenyewe. Bomu likatoboa paa la darasa letu la sita la sekondari na kuvunja boriti. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, Wenceslas, akatangaza: paa lisipokuwa tayari Jumatatu, analifunga darasa, na mtihani wa taifa tuusahau mwaka huo.

Mama Pétronille, mwalimu wetu wa biolojia, binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto, alikuja Jumamosi na nyundo. Akapanda juu, akaanza kung'oa mabati mazima. Prefe nusura azimie.

"Mama, unaharibu nini tena? Tundu iko pale! Usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Muti yenye ilivunjika iko chini ya bati za muzima, Monsieur le préfet. Nitaifikia namna gani? Papa yangu akitengeneza kitunga ya samaki, anafungua kwanza kamba zenye ziko bien, za muzima."

"Bati zisiporudi zote, kazi yako imeisha."

"Bon. Lakini toka kwanza chini ya nyundo."

Akatugeukia sisi tuliokuwa tukipokea mabati, akafundisha kutoka juu huko huko. Uzi wa DNA, alisema, hauzagai ovyo ndani ya seli. Umezungushwa kwenye protini ndogo ndogo na kukunjwa ukabana. Mkunjo huo ndio kromatini. Uzi ukikatika humo ndani, mafundi wa seli hawaufikii. Basi seli inatumia nguvu zake kusogeza protini zile, nyingine inazitoa kabisa, mpaka palegee. Ndipo uzi unaungwa, kisha mkunjo unarudishwa.

"Na seli ikiogopa kufungua?" nikauliza.

"Inakufa na bati zake za muzuri."

Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana wiki ile tulikuwa tumezika watu.

Jumatatu mvua ilishuka kwa hasira. Prefe akaja na kufuli mkononi. Akasimama mlangoni, macho juu, akitafuta tone moja tu la kumsaidia. Hakulipata: boriti ilikuwa imeungwa, tundu limezibwa, na mabati yote yamerudi. Upepo wa madirishani ulikuwa ukipeperusha karatasi zetu.

Mama Pétronille akamwendea, akalichukua lile kufuli, akaliweka juu ya karatasi zisiruke.

"Merci, Monsieur le préfet. Kaa pale nyuma. Tuko kwa kromatini."

Akakaa.