Utelezi Juu ya Mchanga

Mimi si mtu wa kufundishwa habari za maji. Nina stashahada ya teknolojia ya maji, na nilifanya kazi miaka tisa katika mtambo wa kusafisha maji kule Ghuba, Mkisii pekee katika zamu yetu. Niliporudi Nyaramba nilijenga nyumba ya mawe, nikavuta maji ya chemchemi, kisha kwa mikono yangu nikamtengenezea mama kichujio: tangi la saruji, kokoto chini, mchanga juu, maji yakipenya polepole hadi bombani. Watu walitoka Mosocho kuja kukitazama.

Mama ana ugonjwa wa viungo. Kinga ya mwili wake, badala ya kupigana na maradhi, inapigana na vidole na magoti yake. Dawa anazomeza huipunguza nguvu kinga hiyo, kwa hiyo maji machafu kidogo tu humlaza. Na kweli alikuwa akiugua. Tumbo lilimshika wiki baada ya wiki, hadi gauni lake la Sabato likawa linamning'inia. Kuhusu kuchemsha maji, niliona ni kukitukana kichujio changu.

Ijumaa kwetu ni siku ya maandalizi. Kabla jua halijatua, kila kitu kiwe kimeoshwa na kupikwa. Nami kila Ijumaa nilikwangua utelezi wa kijani uliotanda juu ya mchanga, nikamwaga klorini mpaka harufu ikafika barabarani.

Ndipo akaja mtafiti mmoja, mwanamke wa makamo anayeishi Nyanchwa, kupima chemchemi zetu. Alisema anachunguza usafishaji wa maji, gesi ya kupikia itokanayo na migomba, na magonjwa ya kinga kama ule wa mama.

"Daktari, mambo matatu?" nikamwuliza. "Mimi nilisomea moja, nikalimaliza."

"Basi umenishinda, Injinia. Kwangu yote matatu ni jambo moja, na bado sijalimaliza."

Akamgeukia mama. "Mama, tumbo hukushika siku gani?"

"Jumapili, Jumatatu. Sabato huwa naenda kanisani vizuri."

"Na Ijumaa hapa kunafanyika nini?"

Mama alininyoshea kidevu. "Huyo huosha mchanga wake kama sufuria."

Mtafiti hakucheka. Alichota tone la utelezi, akaliweka chini ya hadubini yake ndogo juu ya meza yetu ya chakula, akaniita. Niliinama, na sikuinuka upesi. Kulikuwa na mji mle. Vitu vyenye umbo la kengele vilisimama juu ya vikonyo vyembamba, vikivuta maji vinywani; vingine vilipita mbio kama vimechelewa soko. Miaka tisa nimeshika maji, sikuwahi kukutana na waliomo.

"Hawa hula vijidudu vya tumbo kabla havijamfikia mama yako," alisema. "Mchanga wa huko Ghuba huoshwa kwa mashine. Huu wako unaishi. Kila Ijumaa umekuwa ukiwaua walinzi wake."

Akaeleza kwamba jamaa wa viumbe hao, wakifungiwa ndani ya pipa lenye migomba iliyokatwakatwa, hutoa gesi ya kuchemshia chai. Wengine hukaa matumboni mwetu, na anatafuta kama ndio wanaoifundisha kinga kumtambua adui.

"Ndio waliomharibia mama kinga?"

"Hilo sijui bado."

Alilisema kwa utulivu, mwanamke mwenye elimu yote ile, nami ambaye sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya watu nikainamia tena hadubini.

Tulichemsha maji wiki kadhaa huku utelezi ukirudi. Ijumaa zilinipata nikiwa sina la kufanya, mama akinicheka: "Injinia wangu leo amekuwa mgeni." Mtafiti alirudi kupima, akaridhika, ingawa alituagiza tusiache kuchemsha maji ya mama. Ninayachemsha mwenyewe. Jumatatu iliyofuata nilitoka mlangoni nikamkuta mama mbali kwenye shamba la majani chai, kapu mgongoni, akichuma kwa vile vidole vyake, taratibu. Nilibaki kizingitini nikimhesabia mistari, mmoja, miwili, hadi akageuka kuanza wa tatu.