Siku Niliyompita Kiongozi Wetu Mlimani

Kiongozi wa klabu yetu ya baiskeli alitamka mbele ya watu wote kwamba mimi sitapanda milima pamoja nao. Tulikuwa mkahawani Moseley, mtaa mmoja wa Birmingham, tukipanga safari ya milima ya Alpi.

"Wewe utaendesha gari la kutubebea maji," akaniambia. "Kule si Alum Rock, mtaani kwenu."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka nao, kisha nikaenda kujifungia msalani nikalia kwa hasira.

Nilikubali kuendesha gari. Lakini miezi minane mfululizo, kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, nilikwenda peke yangu kwenye vilima vya Lickey nje ya mji, nikapanda na kushuka mpaka jua likawa juu. Nilipochoka nilikikumbuka kile kicheko, nikapanda tena.

Siku yenyewe ilipofika, wenzangu walipoondoka tu, niliishusha baiskeli yangu kutoka garini. Mke wa kiongozi, ambaye tangu tutoke Birmingham hakuwa amenipa zaidi ya salamu, alinitazama nikifunga helmeti juu ya hijabu. Akanyoosha mkono.

"Nipe funguo. Gari nitaendesha mimi." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mpite."

Barabara ilipanda kona baada ya kona, bila hata hatua kumi za tambarare. Niliwapita wenzangu mmoja mmoja. Zikiwa zimebaki kama kilomita tatu, nikamwona kiongozi akiyumba kushoto na kulia. Ningeweza kumpita papo hapo. Sikufanya hivyo. Nilikwenda naye sambamba, nikihema polepole makusudi ili asikie.

"Gari liko wapi?" akauliza.

"Linakuja. Mkeo ndiye dereva."

Alitaka kujibu, pumzi ikamkatalia. Nikasimama juu ya pedeli, nikamwacha.

Kileleni palikuwa na upepo wa baridi kali. Nilikaa kwenye ukuta unaoelekea barabarani, niwe mtu wa kwanza atakayemwona. Alifika kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Nikampiga picha. Hakunipongeza, wala sikuhitaji pongezi zake. Mkewe alipotupita na gari alipiga honi mara mbili.

Klabu ile niliihama. Dada yangu aliposikia habari hizi, alinikanya. "Kisasi hakina baraka," akasema. "Ungemsamehe."

Nilimpa simu aione ile picha. Akaikuza kwa vidole viwili.

"Nitumie," akasema.