Lutu na Bonde la Mama

Baba yangu mdogo alikuwa mwinjilisti wa mtaa, na sijapata kumwona mtu mwingine aliyemjua Mungu kwa manufaa yake kama yeye. Alikuwa na Biblia ya jalada jeusi, koti moja la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka, na viganja laini kuliko vya sisi watoto. Kila kitu kizuri kilichomfikia alisema kimeletwa na mkono wa Mungu. Kama ni kweli, basi mkono huo ulikuwa na desturi ya kupitia kwanza jikoni kwa mtu mwingine.

Jikoni penyewe palikuwa kwa mama yangu.

Kwetu, juu ya Lushoto kwenye njia ya kwenda Malindi ya milimani, si ile ya pwani, mtu hakuulizwa ana shamba kubwa kiasi gani. Aliulizwa liko wapi. Shamba la mteremkoni hungoja mvua pamoja nawe, na mvua ikikawia mnakaa njaa wote wawili. Shamba la bondeni lina maji mwaka mzima. Kiangazi, watu wa juu wanapokula maharage makavu, wa bondeni wanavuna kabichi na karoti na viazi, na magari yanakuja kubeba na kuteremsha Mombo, chini ya milima. Babu alikuwa na mashamba mawili, moja la kila aina. Lile la bondeni alikuwa amempa mama yangu alilime tangu siku alipoletwa pale kama bibi harusi. Mama ndiye aliyechimba mfereji wa kuleta maji kutoka kijitoni. Mama ndiye aliyebeba samadi kichwani miaka tisa, mpaka udongo ukawa mweusi na laini, unaweza kupanda mbegu kwa kidole. Baba alikuwa seremala. Bondeni alionekana siku za mavuno, naye alisifia.

Babu alifariki muda mfupi baada ya Uhuru. Matanga yalipomalizika na watu wakanyoa nywele, wazee wa ukoo wakapanga siku ya kugawa mashamba. Desturi ilikuwa wazi hata kwa mtoto: mkubwa huchagua kwanza, mdogo huchukua kinachobaki. Mkubwa alikuwa baba. Mama alikuwa ameshatayarisha vitalu vya kabichi, kwa sababu hakukuwa na jambo la kusubiri.

Wiki ile baba mdogo akaanza kuja kwetu kila jioni kutuongoza ibada ya nyumbani. Na kila jioni alisimulia habari moja tu: Ibrahimu na Lutu, mtu na mtoto wa ndugu yake, wachungaji wao wanagombania malisho, na yule mkubwa anamwambia mdogo achague upande autakao. Nakiri alisimulia vizuri. Alijua mahali pa kushusha sauti. Alisema mtu mwenye imani hashiki cha kwanza, humwachia mwenzake, kwa sababu Mungu mwenyewe ndiye fungu lake. Kisha alimtazama baba na kusema kwamba katika ukoo wetu, kama yupo mtu wa kufanana na Ibrahimu, basi sote tunamjua. Hapo alifunga kitabu. Sikumsikia hata jioni moja akifika mahali Lutu anapochagua, sembuse mahali moto unapoliangukia bonde alilolichagua.

Baba yangu hakuwa mjinga. Alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kwamba alipenda kuambiwa kuwa ni mwema. Wapo watu wanaoharibiwa na pombe. Yeye aliharibiwa na sifa. Siku ya nne nilimwona akijiangalia kwenye kioo cha kunyolea, na nadhani alikuwa akitafuta ndevu za Ibrahimu.

Siku ya mgawo wazee walikaa uani. Mwanamke hakukaa baraza lile. Mama alikuwa jikoni akiwapikia makande, na mimi nilikuwa naye nikichochea moto, kwa hiyo tulisikia yote kupitia ukuta wa fito. Mzee mmoja wa ukoo wetu, Mwislamu, maana ukoo wetu ulikuwa na watu wa msikitini na wa kanisani, alimwambia baba achague. Baba akakohoa. Akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani, kwamba anamwachia mdogo wake. Akienda kulia, yeye ataenda kushoto. Yule mzee akamwuliza mara tatu kama anajua anachokisema, na akamkumbusha kwamba masale, ile mimea ya mpaka, yakishapandwa hayang'olewi. Baba akajibu mara tatu kwamba anajua.

Baba mdogo aliomba kwanza. Aliomba kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, ili Bwana amwongoze. Bwana akamwongoza bondeni.

Mama alikuwa ameshika mwiko. Alipakua makande, akatoka na maji, akawanawisha mikono wote mmoja mmoja kama mke mwema anavyotakiwa, pamoja na yule aliyemchukulia shamba na yule aliyelitoa. Nilimchukia baba mdogo siku ile, na kumchukia kulikuwa rahisi. Nilichukua miaka kukubali kwamba baba nilimdharau zaidi. Mwizi angalau alijua thamani ya alichokichukua. Baba alijipatia utakatifu kwa jasho la mtu mwingine, akalala usingizi mzuri.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya Jumapili na nilijua mwisho wa hadithi. Kwa hiyo nikaanza kungoja moto. Kila asubuhi nikienda kuteka maji nilisimama ukingoni nikatazama bondeni kama kuna moshi. Palikuwa na ukungu tu, na chini ya ukungu kabichi za baba mdogo zilizidi kunenepa. Mkewe ndiye aliyezilima, mwanamke mwembamba asiyeongea, akiinama kwenye matuta yaleyale ya mama. Baba mdogo alishuka kuangalia magari yakipakia. Siku ya mavuno alipeleka kabichi moja madhabahuni, ndogo, akatoa ushuhuda jinsi Mungu anavyowapa wapendwa wake. Nilipokutana naye njiani niliinamisha kichwa nikasema shikamoo kwa sababu nilifundishwa hivyo. Aliitikia marahaba na kuniuliza kama bado nasali.

Sisi tulipanda mteremkoni. Lilikuwa shamba la mawe na magugu, limeshuka kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka unakifuata hadi kwa jirani. Mama alianza kwa kung'oa mawe. Hakuyatupa. Aliyapanga mstari kwa mstari yashike udongo, akapanda majani ya tembo juu ya kila kingo, akarudia kubeba samadi. Sisi watoto tulibeba naye kabla ya shule na baada ya shule. Mwaka wa kwanza tulivuna maharage ya kula kwa majuma machache. Tulipolalamika baba alituambia Mungu atatoa. Na kweli Mungu alitoa, ila kila alichotoa kilipita mgongoni kwa mama. Kufika mwaka wa saba tulikuwa na kingo kumi na mbili, miti ya peasi iliyoanza kuzaa, na viazi vya kutosha hata kugawa. Watu wakamsifu baba kwa imani yake. Mchungaji aliyetutembelea alisimama kwenye kingo ya tatu, akamshika baba bega, akasema hii ndiyo nchi ya ahadi. Baba akainamisha macho kwa unyenyekevu. Mama alikuwa kingo ya tisa akipalilia.

Kisha ikaja Ujamaa.

Kwetu haikuwa habari ya kuhamishwa, maana milima ilikuwa imejaa watu tayari. Ilikuwa habari ya kutenga shamba la kijiji, ambalo kila nyumba ingetoa mtu wa kulima kwa siku zilizopangwa. Mkutano uliitwa kiwanja cha shule. Mwenyekiti alieleza, wajumbe wa nyumba kumi kumi wakaunga mkono, na swali likabaki moja tu ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza: shamba la nani? Mwenyekiti akawaomba kwanza viongozi wa dini waseme neno. Shehe alisema maneno machache ya busara akakaa. Baba mdogo akasimama.

Nilikuwa na miaka kama kumi na saba, na hotuba ile ninaikumbuka hadi leo. Alizungumza juu ya Yusufu, kijana aliyeuzwa na ndugu zake, jinsi alivyokusanya nafaka ya nchi nzima mahali pamoja ili njaa ikija wote wapate. Akasema Yusufu hakuuliza hili ni shamba la nani. Akasema mwenye bonde na afungue mkono wake. Alidhani, na kila mtu alijua anachodhani, kwamba macho ya mwenyekiti yalikuwa kwenye bonde la jirani yake, mjane wa Kiislamu aliyepakana naye. Alikuwa akimsaidia mwenyekiti kumsogeza mjane.

Mwenyekiti, naye Mwislamu, alimsikiliza hadi mwisho. Akasema habari za Nabii Yusufu anazijua tangu madrasa, na hajawahi kusikia zikielezwa vizuri hivyo. Kwa kuwa ndugu mwinjilisti amefungua mkono mbele ya wote, kijiji kitaanza na bonde lake.

Mdomo uliponza kichwa. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka. Nilisema moyoni kwamba huo ndio moto niliokuwa nikiungojea, umechelewa kidogo tu. Nilimgeukia mama nimwone akifurahi. Hakuwa akipiga makofi. Alikuwa anatazama upande wa bonde. Ndipo nikafahamu kwamba ule mfereji bado ulikuwa wake, na kwamba alikuwa amelipoteza shamba lile kwa mara ya pili.

Haikupita mwezi baba mdogo akaja kwetu asubuhi, na koti lake, na kitabu chake, na mkewe nyuma. Baba alimkaribisha kiti. Mgeni alikuwa na hadithi. Alikuwa amekumbuka sura inayofuata, ile ambayo Lutu anatekwa na wafalme na kupoteza kila kitu, na Ibrahimu hamcheki wala hamkumbushi yaliyopita, bali anaondoka na watu wake kwenda kumwokoa. Alishusha sauti palepale alipokuwa akiishusha zamani. Alisema haombi kingi. Nusu ya mteremko ingemtosha, zile kingo za chini.

Nikamtazama baba. Nikaona uso ule wa kwenye kioo unarudi. Alikuwa tayari amepumua ile pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo jema, na nikajua kwamba kingo sita za mama zimekwenda.

Mama akatoka jikoni. Alikuwa na unga mikononi. Hakukaa.

"Shemeji," alisema, "hadithi hii uliianza nikiwa jikoni. Leo nimetoka. Inuka twende ukachague."

Baba alifungua kinywa. Mama hakumtazama. Alichukua jembe lake nyuma ya mlango, akatangulia, nasi sote tukamfuata kupanda mteremko. Kwenye kingo ya kwanza baba mdogo akapunguza mwendo. Mama akapita. Kwenye ya tatu, pale mchungaji alipoionea nchi ya ahadi, akasimama kabisa na kusifu udongo. Mama akapita. Alizipita zote kumi na mbili bila kugeuka, mpaka juu kabisa karibu na msitu, mahali ambapo hapakuwahi kulimwa, pana mawe makubwa na magugu ya kufika kiunoni.

Akamwambia achague. Mkono wa kulia yapo mawe, na wa kushoto yapo mawe.

Baba mdogo alitazama huku na huku kwa muda. Mwishowe alichagua kushoto, kwa sababu palikuwa na kivuli. Mama akampa jembe. Akalipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, akamshukuru Mungu asiyewatupa waja wake. Alipofumbua macho alimkabidhi mkewe lile jembe.

Mama mdogo alikuwa ameshainama. Mwanamke yule alikuwa ameinama tangu aolewe. Mama alimshika mkono, akalitoa jembe taratibu, akalirudisha kwa shemeji yake.

"Mkono uliochagua," alisema, "ndio utakaolima."

Kwa watu wa kwetu na kwa zama zile, mwanamke kumwambia vile ndugu wa mumewe, tena mtumishi wa kanisa, lilikuwa jambo la kuitishia kikao. Nilingoja baba aamuru. Baba alikohoa, akasema labda amsaidie mdogo wake kidogo. Mama akamjibu kwamba jembe la pili liko nyumbani, chini ya kitanda. Baba akateremka kulichukua. Hata leo sijui kama alikwenda kwa upendo au kwa aibu, na sikupata kumwuliza.

Baba mdogo alivua koti, mara yangu ya kwanza kumwona bila koti, akapiga jembe. Likagonga jiwe. Akapiga tena. Mama alimvuta mama mdogo wakakaa juu ya mwamba, wakanyoosha miguu, na wakaanza kuzungumza kwa Kishambaa habari za nyumbani kwao walikozaliwa, sauti ya kawaida kabisa. Sikuwahi kumwona mama amekaa shambani kabla ya siku ile.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alisimama mbele ya kanisa, viganja vimefungwa vitambaa. Alivifungua mbele yetu. Akaonyesha malengelenge, akasema Bwana amempa shamba nyikani, mahali pasipo na tumaini, kwa mkono Wake mwenyewe. Kanisa likasema amina. Baba alisema amina kwa sauti kuliko wote.

Mama hakuitikia. Alinisogelea kwenye benchi, akaninong'oneza kwamba ibada ikiisha nimwendee baba mdogo, nimpe shikamoo, halafu nimwambie jembe alirudishe leo leo, ni la mama.

Nikaenda kumwambia.