Sifuri Mara Mbili

Sikwenda shule, baba alisema kalamu haichoti maji. Lakini kwa miaka kumi na tisa nilisimama kaunta kwenye duka la bunduki la mume wangu, na risasi za marisau nilizijua kwa mkono na sikio. Ya njiwa ukiitikisa iko kimya, imejaa punje kama mchele. Ya nguruwe hugongagonga kama maharage koponi, na boksi lake limechorwa mayai mawili. Mdomo wa mtutu nao niliujua: mwembamba hukusanya marisau yafike mbali, mpana huyatawanya karibu. Mume wangu ana mdomo mpana, ndiyo maana siri zetu zilimfikia kila jirani.

Mwaka jana aliongeza mke mwenye cheti cha biashara. Mimi nikamwita Bi Cheti.

"Mama watoto, pumzika," mume akaniambia. "Mwenzako amesoma."

Kupumzika kwenyewe kulikuwa kufagia stoo. Tena mwisho wa mwezi, Bi Cheti akishaizoea kazi, mimi niende shamba nikamtunze mama mkwe, ambaye hata wanawe humkimbia.

Siku moja akaja msimamizi wa shamba la mahindi, na kibali chake mkononi. Alitaka risasi za nguruwe pori.

Bi Cheti akasoma maboksi. "Kuna namba nane, na kuna hizi za sifuri sifuri. Sifuri mara mbili bado ni sifuri, kaka. Chukua nane."

Nikakohoa stoo.

"Kakohoe uani," mume akasema.

Nikaenda uani, nikakohoa kwa utii.

Siku ya tatu msimamizi akarudi akichechemea, bunduki begani, suruali imechanika gotini.

"Nimempiga nguruwe kwa nane zenu. Akajikuna, halafu akanipandisha juu ya trekta. Nimekaa huko mpaka adhuhuri."

"Lakini kwa hesabu..." Bi Cheti akaanza.

"Nguruwe hajasoma hesabu," nikasema kutoka mlango wa stoo. "Kwenye marisau namba ikipanda, punje zinakuwa ndogo. Nane ni ya ndege. Ulimpiga kwa hatua ngapi, kaka?"

"Kama ishirini, kwenye vichaka."

"Chukua haya mayai mawili. Na huo mdomo mwembamba ufungue, uweke wa wastani."

Msimamizi akamgeukia mume wangu. "Nikija tena anihudumie huyu. La sivyo, maduka yako mengi."

Jioni mume akaja stoo, akashika ufagio kama anayeupima. "Mama watoto, nimefikiri. Mama atatunzwa na dada yangu. Wewe kesho rudi kaunta."

Nikamwambia sikusikia vizuri, arudie Bi Cheti akiwepo. Akarudia. Nikamwomba aseme tena, polepole, maana mwenzangu nilishampa kalamu aandike.