Kamba Moja Mtoni Gucha

Juzi nilisimama kwenye daraja la Gucha, chini kidogo ya Ogembo, nikitafuta mawe tuliyokuwa tukivulia samaki. Sikuyaona. Wachimba mchanga wamefukua ukingo wote. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, rangi ile ya mwezi wa kumi na moja, na mwili wangu ukaniambia niondoke kabla akili haijasema neno. Sikuondoka. Keti basi, rafiki yangu, nikuambie kwa nini.

Enzi zetu, mvua za vuli zikianza, samaki waitwao ningu walipanda mto kutoka huko chini ziwani kuja kutaga. Ukiinama ukingoni asubuhi uliwaona wakigeuza matumbo yao meupe. Watu wa ziwa wana nyavu na mashua. Sisi wa milimani tulikuwa na migono, mitego ya fito ambayo nyanya aliisuka mlangoni pa jikoni huku akitusimanga kwa uvivu wetu. Kazi ya watoto ilikuwa kuchimba nyungunyungu chini ya migomba na kuokota kuni za kubanikia. Harufu ya ningu juu ya makaa, pamoja na ugali wa wimbi, naitamani mpaka leo, na ninaona haya kuitamani.

Sisi ni Wasabato, na Msabato hali samaki asiye na magamba. Kwa hiyo kambare akiingia mgononi hakupikwa kwetu. Aliuzwa kwa jirani, mtu wa kutoka ziwani aliyekuwa amehamia karibuni kufanya biashara ya samaki sokoni. Nyanya alimwita Mla-Ngozi, naye alicheka tu. Tulizungumza naye Kiswahili cha shuleni, kwa kuwa lugha yetu, Ekegusii, alikuwa hajaijua. Kila Ijumaa alasiri alikuja na baiskeli yake, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba ndefu ya katani, akangoja ukingoni wazazi wangu watoe migono. Jua likizama Sabato ilikuwa imeingia, na hapo mgono haukuguswa tena.

Ijumaa ninayoisema, kwetu jua lilikuwa linawaka. Lakini upande wa Nyamira, mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi tangu mchana. Vyura walikuwa wamenyamaza. Siafu walikuwa wakihama kuelekea juu, mstari mrefu uliokata njia ya mtoni, na nyanya aliuruka kwa shida akisema maneno aliyoyazoea: "Mto haupigi hodi." Akamwambia mama migono iachwe.

"Tukiiacha mpaka Jumapili samaki wataoza," mama akamjibu. "Jua bado liko."

Baba alikuwa tayari juu ya mawe. Mama akakaza leso kiunoni akamfuata, akampita, akasimama kwenye jiwe la mbali zaidi lenye mgono mkubwa. Niliogopa, ila sikujua naogopa nini.

Kwanza ilikuja harufu, ya udongo mbichi. Kisha mngurumo, kama lori linalopanda mlima limebeba majani chai. Halafu maji yenyewe, yakikokota migomba mizima, na mara wazazi wetu walikuwa wamezingirwa, kila mmoja juu ya jiwe lake. Jirani akafungua kamba ya baiskeli, sanduku likaanguka. Kamba ilikuwa moja. Alitugeukia sisi watoto, macho yake yakiuliza aanze na nani.

Tulipiga kelele sote, dada zangu na mimi. "Baba! Baba!"

Sasa nisikilize vizuri. Kwa Ekegusii, mama ndiye huitwa baba. Baba huitwa tata. Tulikuwa tunamlilia mama, ambaye maji yalikuwa yameshamfika magotini. Mtoto akiogopa hachagui lugha, husema ya nyumbani. Jirani alisikia Kiswahili. Akairusha kamba kwa ustadi wa watu wa ziwa, ikamfikia tata kifuani, akamvuta. Tata alikuwa akipaza sauti, lakini mto uliimeza. Alipokanyaga nchi kavu alimpokonya jirani kamba ili airushe mwenyewe. Juu ya jiwe la mama hapakuwa na mtu.

"Si mlisema baba?" jirani alituuliza.

Aliuliza tena jioni ile pale uani, mbele ya watu wa kanisa waliokuja kukaa nasi. Nyanya alimshika mkono akamketisha karibu naye. Hatukumlaumu, nami simlaumu hata leo. Alihama kabla ya mvua kuisha.

Siku hizi ningu hawafiki tena kwetu, na hakuna ajuaye kusuka mgono. Watoto wa dada zangu husema "mami", kama watoto wa Nairobi. Neno letu la kumwita mama limekwisha nyumbani bila mtu kulikataza, na ninalilia neno hilo kuliko samaki. Tata yu hai, amezeeka. Vijana wa bodaboda pale Ogembo humwambia kwa adabu, "Baba, twende?" Husogea kando ya njia na kugeuka nyuma, akimpisha anayeitwa.