Nilimpaka Binti Yangu Rangi, Nikamvua Kofia

Kosa ni langu, sitafuti wa kugawana naye. Watu husema jua la Johannesburg ndilo lililomuumiza mwanangu. Hapana. Ni mimi niliyemzaa.

Natoka Bukavu, naishi Bellevue, hapa hapa Johannesburg. Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi saluni moja ya Sandton. Wazungu wanaoogopa kujianika juani, kwa hofu ya saratani ya ngozi, walikuja kwetu tuwapulizie rangi ya kahawia, waonekane kama wametoka likizo pwani. Kabla mteja hajaondoka sharti nimwambie: rangi hii haizuii jua, endelea kupaka krimu ya kujikinga. Maneno hayo niliyasema kutwa.

Binti yangu ana ualbino. Tangu akiwa mchanga, kila asubuhi nilimkalisha kitandani nikampaka krimu ya jua usoni, shingoni, nyuma ya masikio, kisha kofia. Yeye alifumba macho akinisimulia ndoto zake. Hiyo ilikuwa saa yetu.

Lakini nilikuwa nimechoka kutazamwa. Kwenye teksi watu wanageuka, kanisani mama mmoja anamshika nywele bila kuuliza. Nilichokuja kufanya nilijidai ni kwa ajili yake, kumbe aibu ilikuwa yangu.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, kanisa letu liliandaa siku ya vijana kwenye bustani ya mji, nyimbo, nyama choma na mpira. Nikaleta nyumbani chupa ya ile rangi, nikampaka Jumamosi jioni, taratibu, kama mteja. Asubuhi akasimama mbele ya kioo, ana rangi ya chai ya maziwa kama kaka zake.

"Maman, sasa niko kama wengine?"

"Uko muzuri sana," nikamwambia.

Akachukua kofia kwa mazoea. Nikaitoa mkononi mwake.

"Leo acha kofia, watu wakuone."

"Na krimu?"

"Haina lazima."

Usidhani nilisahau. Niliyajua yale maneno ya saluni kuliko sala zangu! Ila krimu ingeacha weupe juu ya rangi, nami siku hiyo sikutaka weupe wowote.

Alicheza juani mchana kutwa. Sijawahi kumwona akikimbia vile, akicheka vile. Jioni mabega na masikio yalikuwa yametoka malengelenge.

Ungefikiri nilikoma. Ngozi ilipopona aliniomba tena ile rangi, akilia, nikampa. Kiangazi kile chote akaenda shule bila kofia, akiamini nimempa ngozi kama ya wenzake. Nikamwacha aamini, maana alikuwa na furaha, na mimi pia.

Baadaye kidonda kikatoka sikioni, kikakataa kupona. Ilikuwa saratani. Hospitalini walimkata nusu ya sikio. Daktari aliuliza kama mtoto huwa anajikinga na jua, na kabla sijafungua mdomo binti yangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba mama alisema si lazima. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anajibu swali tu.

Daktari alieleza kwamba jua hulimbikiza madhara, hakuna awezaye kutaja siku iliyoleta kidonda kile. Mimi ninaitaja.

Mama mwenzangu mwenye mtoto kama wangu, majuto ni mjukuu, nami tayari ninamlea. Rangi ya chupa ni ya macho ya watu, jua haliioni. Mpake mtoto krimu, mvalishe kofia. Ukiona haya, haya hiyo ni yako, ibebe mwenyewe, usimtwike yeye.

Na kama mwanao bado anakaa mbele yako asubuhi umpake, usimharakishe. Wangu siku hizi anajipaka mwenyewe, mlango ameufunga. Mimi husimama nje na kofia yake mkononi, nikitaka kumuuliza kama amefika nyuma ya sikio lililobaki nusu, na ninaogopa kuuliza.